Kuchagua ditekta ya kutafuta sarafu na dhahabu huku Kisumu, Kakamega na Nakuru

Mtu akianza kufikiria kununua ditekta swali lake la kwanza huwa ni inaenda chini futi ngapi, na wauzaji wanalijua hilo ndio maana utaona matangazo ya mita tano, mita kumi, wengine hata mita mia. Achana na hiyo kwanza. Swali lenye litakuokolea pesa ni unatafuta nini na utakitafutia kwa udongo gani, kwa sababu udongo wa Ikolomani si wa Ahero na wa Ahero si wa Njoro, na mashine umeona ikifanya maajabu kwa video ya Uingereza inaweza kufika Kakamega ikapiga kelele kuanzia asubuhi hadi jioni bila kukuonyesha kitu.

Wacha nieleze vile inafanya kazi maana ukishaelewa hapa mengine yanafuata yenyewe. Ile sahani ya chini, koili, inatuma nguvu ya sumaku ardhini, nguvu hiyo ikikuta kitu cha metali kinaamka na kurudisha nguvu yake kidogo, na koili ikiisikia inakuletea mlio kwa masikio. Sasa udongo mwekundu wa Kakamega na Vihiga ni mwekundu kwa sababu ya kutu ya chuma, murram ndio zaidi, na Nakuru pande za Menengai mawe ni ya volkano yenye chembe za chuma ndani. Yaani ardhi yenyewe inajibu ditekta kabla sarafu yako haijajibu. Kama unataka kujua shamba lako liko vipi kabla ya kutumia hata shilingi, toa sumaku kwa spika iliyoharibika, ifunge ndani ya karatasi ya nailoni, iburute pale kwa mtaro mvua iliacha mchanga mweusi. Ikitoka imeota ndevu nyeusi nene, hiyo ardhi itakusumbua na usinunue mashine ya bei ya chini kabisa.

Kitu cha kuangalia kwanza kwa mashine ni kama inaweza kusawazishwa na udongo, wenyewe wanaiita graundi balansi. Unatafuta mahali hakuna mlio, unashika kitufe, unainua koili na kuishusha polepole, kutoka kama urefu wa goti hadi karibu iguse nyasi, mara kadhaa, mpaka ule mlio wa ardhi unyamaze. Ukivuka kutoka kwa shamba hadi kando ya barabara ya murram unarudia, ukifika kwa udongo mweusi wa Kano uliolowa unarudia tena. Garrett ACE, hizi za 250 na 300 na 400, ni mashine nyepesi, rahisi kutumia, na zinatumia betri nne ndogo zile za remote, lakini hiyo kazi ya kusawazisha imefungwa kiwandani, wewe huwezi kuigusa. Kwa mchanga wa ufuoni Dunga ama uwanja wa kawaida zitakufaa sana, kwa murram zitakuchosha. Ndio maana mtu akiniuliza ya kuanzia na hana pesa nyingi mimi namwambia Nokta Simplex, inatoka Uturuki, frikwensi yake ni kilohezi 12, inajisawazisha na udongo kwa kitufe kimoja, inachajiwa kama simu na hata ikiingia majini mzimamzima haifi. Huko nje inauzwa kama dola 250 hadi 300, piga hesabu na usafiri na ushuru ujue itakufikia kwa ngapi, usishtukie hapo kwa kukabidhiwa mzigo.

Frikwensi nayo, yaani kasi ya mawimbi yanayotoka kwa koili, ndiyo inasema unasikia nini. Ya chini, kilohezi 6 hadi 15 hivi, inasikia vizuri sarafu, shaba, fedha, vitu vikubwa vikubwa. Ya juu ndiyo inasikia chembe ndogo ya dhahabu. Kwa hivyo mtu wa dhahabu ataangalia Minelab Gold Monster 1000 yenye iko kilohezi 45, ama Nokta Gold Kruzer ya 61, ama Fisher Gold Bug 2 ya 71, na ajue ubaya wake ni kwamba frikwensi ikipanda hata kelele ya udongo mwekundu inapanda nayo. Kati yao kuna hizi za frikwensi nyingi kwa pamoja, kama Minelab Equinox 900 na Nokta Legend, zenye zina mpangilio wa uwanjani, wa ufuoni na wa dhahabu ndani ya mashine moja. Kama unaweza kungoja uchange pesa kidogo zaidi, hizi ndizo nazipenda kwa mtu anayetaka Jumamosi hii awe Kisumu na ijayo awe Kakamega.

Juu kabisa kuna aina ya mapigo, yaani zinatuma nguvu kwa vipigo vifupi vifupi badala ya mfululizo, Minelab GPX 5000 na 6000, Garrett Axiom, zenye hazijali udongo mwekundu sana, zinaenda chini kweli. Lakini GPX 6000 peke yake ni kama dola elfu sita, hiyo ni zaidi ya laki saba za hapa kabla ya ushuru, na kuchuja misumari, yaani kuinyamazia, hazijui vizuri. Ukiiwasha karibu na boma lolote la mabati itakuita kwa kila msumari uliowahi kuanguka tangu nyumba ijengwe. Ni mashine ya kazi, si ya kuanzia hobi.

Na hapa niongee na wale wa dhahabu kwa upole lakini kwa ukweli. Dhahabu nyingi ya Kakamega iko ndani ya mawe meupe ya kwazi, imesagika ndogo ndogo, ndio maana wachimbaji wanaponda jiwe na kuosha na karai. Ditekta haisikii unga. Hata jiwe likiwa na dhahabu ya maana, kama imetawanyika kama vumbi utapita juu yake kimya. Ditekta inasikia punje, kipande kilichoshikana. Kwa hivyo usiuze ng'ombe ukanunue mashine ukidhani itakuonyesha njia ya mwamba, itakusaidia kwa mabonde ya mito na rundo za mawe ya zamani ambapo punje zinaweza kuwa zimebaki, basi. Watu wamekimbilia dhahabu huko tangu 1931, mgodi wa Rosterman ulifanya kazi hadi 1952, na mashimo ya zamani bado yapo mengine yamefunikwa na majani, tembea ukiangalia mbele usiangalie koili tu, na usiingie shimo lolote hata mtu akikuambia ni salama.

Sasa ulaghai, na hii naomba uisome mara mbili. Kuna zile za antena mbili zinazoshikwa mkononi, wanasema inaelekea upande wa dhahabu kutoka kilomita moja, unachagua "gold" kwa skrini na inageuka. Hakuna kitu kama hicho. Ni mkono wako unainama kidogo na antena inafuata. Mwaka 2013 mahakama ya London ilimfunga James McCormick miaka 10 kwa kuuza kifaa cha antena cha aina hiyo kilichoitwa ADE 651, kiliuzwa Iraq kwamba kinatambua mabomu na ndani hakikuwa na chochote kinachofanya kazi. Ukiona antena bila koili, ondoka. Vilevile hakuna ditekta ya mercury nyekundu, hakuna ya rupia za Mjerumani peke yake, mwenye anakuuzia hiyo anakuuzia hadithi. Na hata za majina makubwa, Minelab hasa GPX, bandia zimejaa Afrika nzima, zinafanana hadi stika. Uliza namba ya mashine uihakikishe na kampuni yenyewe kabla ya kutoa pesa, na ukinunua ya mkono wa pili beba sarafu ya shilingi kumi na msumari, mwambie muuzaji aiwashe hapo, pitisha vyote viwili mbele ya koili usikie kama mlio unatofautiana, kisha nenda nje uijaribu kwa ardhi, si kwa meza.

Vitu vya kuongeza havizidi vinne. Hedifoni, kwa sababu milio ya chini ya mbali hutaisikia na upepo na pikipiki, na pia zinakuzuilia watoto wote wa kijiji kukufuata. Pinpointa, kale kadude ka mkono ka kuingiza ndani ya shimo, kanaokoa muda mwingi sana. Kijembe kidogo kigumu ama panga fupi, nyepesi. Na gambuti za kawaida, zisiwe zile buti za site zenye chuma mbele kwa vidole maana koili inazisikia kila hatua. Hii ni shida ya zamani, mwaka 1881 Alexander Graham Bell alijaribu kutafuta risasi kwa mwili wa Rais Garfield wa Marekani na mashine ya namna hii, na inasemekana springi za chuma za kitanda zilichangia kumpotosha.

Mahali pa kwenda, anza na historia ya watu. Reli ilifika Kisumu, wakati huo Port Florence, Disemba 1901, na biashara ikafuata reli, kwa hivyo viwanja vya soko za zamani, miti mikubwa ambapo watu walikuwa wanakutana, njia za kwenda mtoni, ndiko pesa zilianguka. Utapata senti zenye shimo katikati, watu walikuwa wanazifunga kwa kamba, na ukiwa na bahati shilingi ya simba ya East Africa, ile ilianza 1921 na miaka yake ya kwanza ilikuwa na robo fedha halisi. Shamba la miwa ama mahindi likishalimwa na trekta na mvua moja ikanyesha ndio wakati mzuri, udongo uliolowa unapitisha mlio vizuri na kuchimba ni rahisi.

Lakini kwanza ruhusa. Usiingie kwa shamba la mtu na hedifoni kwa shingo ukitegemea atakuelewa. Nenda bila mashine, msalimie, mwambie, "Mzee, naomba kupita kwa shamba lako na mashine ya kutafuta sarafu za kitambo, nitafukia kila shimo, na nikipata kitu tutakiangalia pamoja na wewe." Kama ni mama wa boma ndiye yuko, mwambie yeye vivyo hivyo, na mkubaliane mapema mnagawana vipi. Kijijini pitia kwa chifu ama mzee wa kijiji pia, maana mtu mgeni anayechimba mashimo huanza uvumi na uvumi wa dhahabu ni mbaya.

Kuna mahali hauendi kabisa: maeneo ya kale ya Hyrax Hill, Kariandusi na Thimlich Ohinga, mbuga ya Ziwa Nakuru, na makaburi. Sheria ya makumbusho ya 2006 inahesabu kama kitu cha kale chochote kilichotengenezwa ama kuletwa Kenya kabla ya 1895, na kutafuta vitu kama hivyo kunahitaji leseni. Senti zako za mkoloni ni za baadaye, lakini ukikuta chuma cha kufuliwa kienyeji, vigae vingi vya vyungu, shanga ama mifupa, acha kuchimba, usitoe kitu, ripoti kwa makumbusho, Kisumu iko na Nakuru pale Hyrax Hill iko. Dhahabu nayo, kwa sheria ya madini ya 2016, ni mali ya serikali kwa niaba ya wananchi hata ikiwa kwa shamba lako, kwa hivyo ukitaka kuitafuta tafuta kibali ofisi ya madini ya kaunti kwanza. Na ukichimbua kitu kama ganda la bomu, usikisogeze, weka alama, ita polisi. Mabaki ya vita yanaweza kuwepo, Kisii kulipiganwa 1914.

Kutembea kwenyewe ni polepole. Koili iwe karibu na ardhi vidole viwili, bila kuiinua mwisho wa kila mzunguko vile watu wengi hufanya, na kila hatua ipitie nusu ya pale ulipopita. Ukisikia mlio, pitisha kutoka kushoto na kutoka kulia, kisha geuka usimame upande mwingine upitishe tena. Mlio mzuri unabaki palepale na namba yake kwa skrini haiyumbi. Kisoda kilichoshika kutu kinaweza kulia kama sarafu nzuri kabisa ukipita katikati, lakini ukisogea ukingoni mlio unakatika na kuingia ule mzito wa chuma. Kajiwe ka chuma nako kanalia, lakini ukiinua koili kidogo tu mlio unapotea ghafla, wakati kitu cha kweli kinafifia polepole. Ukitafuta dhahabu usichuje karatasi za sigara wala vipande vya sufuria, vinalia sawa na punje ndogo, chimba vyote.

Kata udongo duara pande tatu, uufunue kama kifuniko na majani yake, weka unaotoka juu ya gunia lililokunjwa. Pinpointa ndani. Kama shimo limenyamaza, kitu kiko kwa gunia: chukua konzi moja moja uipitishe juu ya koili mpaka konzi moja ilie, igawe nusu, tena nusu. Rudisha udongo wote, funika, kanyaga. Ukiwa ziwani baki kwa mchanga mkavu, maji ya Victoria hayana chumvi ya kusumbua mashine kama Mombasa lakini yana kichocho, na kiboko hutoka jioni, ukiona giza linaingia funga mashine uende.

Sarafu ukiipata usiisugue na stili wulu wala jivu, utaondoa maandishi na thamani. Iloweke kwa maji safi, badilisha maji, ikauke kivulini, kisha iweke kwa bahasha na uandike mahali ulipoitoa na ilikuwa chini kiasi gani, maana ukipata mbili tatu za miaka ya karibu sehemu moja, hapo ndipo utarudi na kupita tena polepole zaidi.