Jiko la Peleti Likigoma Kupata Moto

Jumamosi moja ya Julai, baridi ya Nairobi imekaza, jiko langu la peleti, lile la umeme linalochoma vijiti vifupi vya unga wa mbao ulioshindiliwa, liligoma kwenye nyuzi 120. Mbuzi yuko juu ya wavu, shemeji wameshanawa mikono, nami nabonyeza tu namba zipande. Wapi!

Usikimbilie fundi. Chukua peleti moja uivunje: kavu hukatika kwa mlio, iliyonyonya unyevu humeguka unga. Zangu zilikuwa barazani kwenye gunia wazi tangu mvua za Aprili. Nikatupa zote, kwa uchungu, maana si bei ya makaa.

Halafu zima, chomoa waya, acha lipoe kabisa. Ondoa wavu na bati la kukinga mafuta, ufikie kile kikombe cha moto, ambamo peleti huungulia. Changu kilijaa majivu mpaka vitundu vya hewa vikaziba. Moto utapumulia wapi? Nikakwangua, nikachota majivu yote kwa kijiko kikuukuu. Futa pia kile kijiti cha kupima joto, kwani kikivaa masizi husoma uongo. Feni nayo izunguke bila kukwaruza.

Jaza peleti kavu, washa, funga kifuniko, na uache kuchungulia. Dakika 20 baadaye langu lilisoma 230.