Maji yakishapita: jinsi mji mdogo unavyodai fedha za maafa Vermont

Mimi ni mhasibu msaidizi katika mji mmoja mdogo wa Vermont, Marekani. Barabara zetu nyingi ni za changarawe, na wafanyakazi wa barabara ni watatu. Mafuriko ya Julai 2023 yalituchukulia makalavati, na mwaka uliofuata mvua ikarudi tarehe zilezile, Julai 10 na 11. Waswahili wenzangu walioajiriwa katika ofisi za miji ya huku hunipigia kuniuliza pa kuanzia. Nimeamua kuandika, simu nayo ipumzike.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayowachanganya wengi. Rais akishatangaza maafa na eneo lenu likiwemo, FEMA, shirika la serikali kuu ya Marekani linaloshughulikia maafa, hulipa angalau asilimia 75 ya gharama zinazokubalika za kurudisha mali ya umma. Robo inayobaki hugawanywa kati ya jimbo na mji. Vermont ina mfuko wake wa kazi hiyo, unaitwa ERAF, nao haugawi sawa kwa wote. Chukua kalavati la dola 200,000. FEMA inatoa 150,000, zinabaki 50,000. Mji ambao haukujiandaa hupewa na jimbo asilimia 7.5 ya gharama yote, yaani 15,000, kisha utajijua na 35,000 zilizobaki. Mji uliotimiza masharti manne hupewa asilimia 12.5, yaani 25,000. Ukitimiza na la tano, asilimia ni 17.5: jimbo 35,000, nyinyi 15,000. Kati ya mji mzembe na mji makini kuna dola 20,000, na hilo ni kalavati moja tu.

Masharti yenyewe ni haya: mji uwe kwenye mpango wa taifa wa bima ya mafuriko, uwe umepitisha viwango vya barabara na madaraja, uwe na mpango wa dharura, unaopitishwa upya kila mwaka baada ya mkutano mkuu wa wananchi wa Machi na kabla ya Mei 1, na uwe na mpango wa kupunguza athari za maafa ulioidhinishwa na FEMA, ambao huisha muda baada ya miaka mitano. La tano ni sheria ndogo ya kulinda ukanda wa mto. Kinachouma ni kwamba vyote hivyo viwe vimeshapitishwa kabla maafa hayajatokea. Kwa hiyo wiki yako ya kwanza kazini, kabla hujagusa fomu yoyote, angalia tarehe za mipango hiyo. Ukikuta mmoja umeisha, peleka suala hilo barazani siku hiyo hiyo.

Viwango vya barabara vina faida nyingine ambayo watu huwa hawaioni. Kalavati la inchi 18 limesombwa, na mkuu wa barabara anataka kuweka la inchi 36, na ana haki. FEMA hurudisha kilichokuwepo. Ukiweka kikubwa zaidi watauliza kwa nini, na jibu la "la zamani lilikuwa dogo" halilipiwi. Jibu linalolipiwa ni hili: viwango vyetu, vilivyopitishwa kabla ya mafuriko na vinavyotumika kwa kila kalavati mjini, vinataka ukubwa huu. Ambatanisha nakala yenye tarehe na saini za wajumbe. Na kabla kijiko hakijaingia mtoni, mpigieni mhandisi wa mito wa jimbo. Kazi ya mtoni isiyo na kibali inaweza kuwakosesha fedha zote za eneo hilo.

Maafa yakitokea, ombi la awali huwasilishwa ndani ya siku 30 tangu eneo lenu litangazwe. Halafu gharama hupangwa kwa herufi, A hadi G. Mji kama wetu huishi kwenye tatu za mwanzo: A ni kuondoa vifusi, B ni hatua za dharura, C ni barabara na madaraja. A na B zina miezi sita kumalizika, C ina miezi 18.

Herufi hizo zitenganishe tangu siku ya kwanza, kwa sababu ya mishahara. Kwenye A na B, mfanyakazi wenu wa kudumu kwa kawaida hurudishiwa saa za ziada tu. Saa zake za kawaida ni mzigo wenu. Kwenye C zote zinadaiwa. Mtu akiandika "jumla ya saa 11, mafuriko", umeshapoteza. Aandike jina, tarehe, barabara gani, alifanya nini, saa ngapi mpaka saa ngapi, na mashine ipi, kwa sababu greda na lori la mji navyo hudaiwa kwa saa.

Hapo ndipo nilipoteleza mwenyewe mwaka 2023. Nilikuwa na ankara za changarawe, safi kabisa, lakini sikuwa na orodha ya tripu zilimwagwa wapi. Nilikaa majuma na dereva mmoja tukivuta kumbukumbu kwa ramani ya mji mezani. Siku hizi kila lori lina daftari na kalamu iliyofungwa kwa uzi.

Wanaojitolea pia waandikishe saa zao. Saa hizo huthaminiwa na zinaweza kupunguza sehemu yenu ya gharama, mradi kuna daftari lenye saini. Bima nayo itajeni mapema, kwa kuwa FEMA hailipi kile ambacho bima imelipa.

Kuhusu fedha taslimu, msidanganyike. Mkandarasi anataka chake mwezi huu, na mrejesho huja baadaye sana. Tulikopa benki, na riba haidaiwi popote. Iwekeni kwenye bajeti.

Malipo yakikamilika na faili likafungwa, karatasi zote zitunzwe miaka mitatu zaidi. Maboksi ya 2023 yako chini ya meza yangu, na magoti yangu yanayajua vizuri.