Kununua TV bapa: kagua kioo kwanza

TV inayoletwa kwangu ikiwa imezima kabisa mara nyingi hupona: nabadilisha sehemu ya umeme au taa za nyuma, mwenyewe anaondoka nayo. Iliyopasuka kioo ni habari nyingine. Kioo kipya, hata ukikipata, bei yake huikaribia ya TV nzima. Ndiyo maana hatua ya 4 hapa chini ni ndefu kuliko zote.

Hatua ya 1: Pima nyumbani
Inchi za TV hupimwa mshazari, kona hadi kona. Ya 32 ina upana wa kama sentimita 71, ya 43 kama 95, ya 55 kama 122. Kochi likiwa mita mbili kutoka ukutani, 43 inatosha kabisa.

Hatua ya 2: Soma namba, achana na mapambo ya boksi
Namba hizi ni nukta za picha, za upana kwa za kimo: 3840 x 2160 ndiyo 4K. 1920 x 1080 ni Full HD. 1366 x 768 ndiyo utakayoikuta kwenye nyingi za inchi 32, na kwa ukubwa huo haina ubaya. LED si aina ya kioo. Kioo ni LCD, LED ni taa zinazokimulika kwa nyuma, na QLED ni LCD vilevile. OLED ndiyo tofauti, kila nukta hujiwakia yenyewe. Ni nzuri mno, ila nembo ya chaneli ikikaa pale pale miezi na miezi huweza kuacha alama. Kwa baa ya mpira, siishauri.

Hatua ya 3: Antena na umeme
Tafuta maandishi DVB-T2, mfumo wa dijitali wa antena unaotumika Tanzania na Kenya. Chaneli za kulipia bado zitadai king'amuzi chake. TV iliyotengenezwa kwa soko la Japani au Marekani haitashika antena yetu, na ikiwa imeandikwa volti 100 au 120 peke yake, kuichomeka kwenye 230 ni kuiua.

Hatua ya 4: Iwashe kabla ya kulipa
Ifunguliwe ile utakayoondoka nayo, si ya maonyesho. Boksi lenye kona iliyobonyea likatae bila mjadala. Nenda na flashi yenye picha tano za rangi moja moja: nyeupe, nyekundu, kijani, bluu na nyeusi. Kwenye nyeupe tafuta vivuli, madoa na nukta nyeusi. Kwenye nyeusi omba taa ya duka izimwe, utazame mwanga unaovuja pembeni. Kisha sogea kando uone kama rangi zinafifia.

Iache iwake robo saa, maana kuna mistari inayojitokeza kioo kikishapata joto. Muuzaji akikuharakisha, hama duka. Kariakoo maduka hayaishi. Jaribu kila tundu la HDMI, lile la waya wa picha na sauti. Kama ni ya smati, washa hotspoti ya simu yako ufungue YouTube.

Kwa TV iliyotumika, angalia skrubu za mgongoni: zilizochubuka zimeshapitiwa na fundi. Nyeupe ikivuta zambarau au bluu, taa za nyuma zimechoka. Utaambiwa ni mipangilio tu. Omba airekebishe mbele yako.

Hatua ya 5: Karatasi na usafiri
Dai risiti ya EFD (mashine ya kodi), namba ya TV iandikwe kwenye waranti, na ujue kwamba kioo kupasuka kwa kawaida hakumo kwenye waranti. Ibebwe wima. Kuilaza chali kwenye gari ndiko kunakoniletea vioo vilivyopasuka ndani ya boksi lisilo na mkwaruzo.

Hatua ya 6: Siku ya kwanza
Ipitishie kwenye kilinda umeme, kisha ushushe mwanga wa nyuma hadi karibu nusu. Ukiuacha mwisho kabisa, taa huchoka mapema.