Kabla ya kununua injini ya 1HZ, soma volti za stata

Ndugu zangu mnaotaka kuifungia Land Rover 109 injini ya Toyota 1HZ, mkifika Gerezani, Dar es Salaam, kwenye vipuri vilivyotumika, msiishie kusikiliza mlio. Someni kwanza kibati cha stata, yaani mota ya kuwashia injini. 1HZ nyingi zilizotoka kwenye magari ya Japani zina stata ya volti 24, na 109 ni gari la volti 12. Mimi sikusoma, nikaja kununua stata, altaneta (ya kuchaji betri) na plagi za kupashia joto upya, na iliniuma sana. Rejeta nayo tafuteni kubwa, maana dizeli ya lita 4.2 kwenye foleni ya Barabara ya Mandela mchana si mchezo. Risiti ya injini itunzeni: namba mpya ya injini lazima ibadilishwe kwenye kadi ya gari, TRA (Mamlaka ya Mapato).