Mjusi si mdudu: kuwafundisha watoto makundi ya wanyama wenye uti wa mgongo

Kabla ya kutamka neno reptilia (kundi la akina mjusi, nyoka na kobe), shughulikia maneno ambayo mtoto amekuja nayo kutoka nyumbani. Kwa mtoto wa Sakina au Majengo hapa Arusha, mnyama ni ng'ombe, mbwa au simba. Kuku ni ndege tu, perege ni samaki tu, na mjusi, chura, hata nyoka, wote ni "wadudu". Andika ubaoni: kuku ni mnyama, samaki ni mnyama, chura ni mnyama. Watabisha, na waache wabishe dakika tano. Kisha waeleze kuwa kwenye sayansi jina hilo limepanuka, linawachukua wote hao pamoja na nzi.

Uti wa mgongo ufundishwe kwa dagaa. Nunua gilasi moja ya dagaa wakavu, uchague wakubwa, uwaloweke kwenye maji ya moto kwa dakika 10. Ukizidisha wanasambaratika. Kila mtoto apasue wake mgongoni kwa ukucha. Uti hutoka kama uzi mgumu wenye vifundo. Halafu wajipapase wenyewe katikati ya mgongo, vifundo ni vilevile. Hapo ndipo ulete jongoo na konokono, ambao ugumu wao uko nje na ndani hamna mfupa. Kobe huwachanganya kwa sababu naye ana gamba kama konokono, lakini uti wake wa mgongo upo, umeungana na gamba kwa ndani. (Jongoo hutoa majimaji yanayowasha, basi sabuni iwe karibu.)

Kugawa makundi matano (mamalia, ndege, samaki, reptilia, na amfibia, yaani akina chura), swali la kwanza liwe: amevaa nini? Hapa Kiswahili chenyewe kinatutega. Tunasema manyoya ya kuku na manyoya ya kondoo, na mtoto mwenye akili atakuuliza kwa nini kondoo si ndege. Chukua unyoya wa kuku uliooshwa kwa sabuni na kuanikwa juani, uweke kando ya nywele za mbuzi. Unyoya una uti katikati na matawi pande mbili. Nywele ni uzi mtupu. Tangu siku hiyo darasa liseme "nywele" kwa mamalia na "manyoya" kwa ndege tu, na mwalimu asiteleze.

Magamba nayo yana mtego wake. Para perege: magamba yanabanduka moja moja. Ya mjusi ni mikunjo ya ngozi yenyewe, hayaparwi.

Baada ya hapo maswali yafuatane bila kurukwa. Ana nywele na hunyonyesha? Mamalia. Kama sivyo, ana manyoya yenye uti? Ndege. Kama sivyo, ana mapezi, na matamvua anayopumulia hata akiwa mkubwa? Samaki. Waliobaki waangaliwe ngozi: kavu yenye magamba ni reptilia, laini, yenye unyevu, isiyo na magamba ni amfibia. Usianze kamwe na "anaishi wapi" wala "anaruka?", kwa kuwa popo atakuwa ndege, nyangumi samaki, na mamba ataingia kwa vyura.

"Anataga au anazaa?" nalo ni swali dhaifu kuliko linavyoonekana. Kinyonga wa pembe tatu wa Mlima Meru ni reptilia na anazaa watoto. Vyura wa maporomoko ya Kihansi, Tanzania, nao huzaa vyura wadogo kamili, hawapitii kiluwiluwi cha majini.

Tengeneza kadi 25 za picha, tano kwa kila kundi, zenye wanyama wanaowajua: mbega, perere, heroe wa maziwa ya Momella, kambare wa sokoni. Sita za mtego zikae pembeni hadi siku ya pili: popo, kakakuona, pomboo, mbuni, kobe na samaki mkunga. Kakakuona ana magamba, ila tumboni ana nywele na mtoto wake hunyonya. Kambare akiwekwa kwa amfibia usimkaripie mtoto. Ni kweli hana magamba, mrudishe kwenye mapezi na matamvua.

"Damu baridi" ni maneno ya kuachwa. Mjusi aliyeota jua la mchana ana mwili wa moto. Sema joto lake hufuata mazingira, kisha mwezi wa saba asubuhi, baridi ya Arusha ikiwa kali, watoto wahesabu mijusi ukutani kabla na baada ya jua kupanda.

Amfibia wafundishwe wakati wa masika, mifereji ikiwa na viluwiluwi. Chukua watano au sita, uwaweke kwenye lita 5 za maji ya mfereji huohuo. Maji ya bomba yenye klorini huwaua. Kama huna mengine, yaache wazi siku nzima kwanza. Chakula ni kipande cha mchicha uliochemshwa, ukubwa wa ukucha. Wengi hufa kwa kulishwa kupita kiasi, mabaki yakaoza na maji yakanuka, kwa hiyo badilisha nusu ya maji kila baada ya siku mbili. Miguu ya nyuma hutangulia. Ya mbele ikitoka, weka jiwe linalojitokeza juu ya maji siku hiyohiyo. Sasa wanapumua kwa mapafu, na wasipopata pa kupanda watazama. Mkia ukishaisha, warudisheni mferejini mlikowatoa.