Kuotesha mdagu kwa mbegu, hapa Mwanza

Mdagu (Adenium obesum), ambao wauza miche wengi huuita waridi la jangwa, ni kichaka kifupi cha nyika na miteremko ya mawe ya Afrika Mashariki. Shina lake nene ni ghala la maji. Ndiyo maana mdagu wa chunguni Mwanza hufa kwa masika kuliko kwa kiangazi.

Anza na mbegu. Kipande cha tawi huota pia, ila mara nyingi hakitoi lile tumbo la shina linalofanya watu waupende. Matunda hukaa mawili mawili kama pembe za mbuzi. Yakikaribia kukomaa yazungushie uzi, maana yakipasuka, mbegu zenye manyoya kila ncha hupeperushwa na upepo wa ziwa. Zipande zikiwa mpya.

Udongo ndio kazi yenyewe. Changanya kokoto ndogo za milimita 3 hadi 5 makopo 2, luseni (ule mchanga wa miguuni mwa miamba) kopo 1, na mboji iliyoiva kopo 1. Udongo mweusi wa mbuga usiuguse: hushika maji siku nyingi, na ukikauka hupasuka na kukata mizizi. Mchanga laini wa ufukweni nao hushikamana. Chungu kiwe na matundu.

Laza mbegu, zifukie nusu sentimita, ziachane sentimita 3. Pawe na joto, kivuli chepesi na unyevunyevu, si tope. Mbegu nzima huchomoza ndani ya siku 4 hadi 10. Mche ukifikisha majani 6, uhamishe na uuzoeshe jua taratibu.

Mkubwa umwagilie mpaka maji yatoke chini, kisha ngoja hadi kidole kikute ukavu sentimita 4 ndani. Machi hadi Mei uweke upenuni.

Maua hutoka kwenye ncha za matawi, hivyo pogoa Septemba, kabla ya vuli, upate ncha nyingi. Vaa glavu: utomvu ni sumu ya moyo, na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi huupika kuwa sumu ya mishale. Mabaki yafukie mbali na mbuzi, wala usiyatupe ziwani.

Shina likibonyea na udongo ni mkavu, lina kiu tu. Likibonyea udongo ukiwa umelowa, linaoza: ng'oa, kata hadi kwenye nyama nyeupe, kausha kivulini wiki nzima, panda kwenye udongo mkavu, na maji yasubiri wiki nyingine.