Kusanifu maegesho ya baharini yanayohamishika kwa meli za kuchota mchanga

Kabla hujachora boya la kufungia meli, uliza lori gani litalibeba na kreni ipi italipokea. Kontena la futi 20 lina upana wa ndani wa kama mita 2.35, na likijaa halipaswi kuzidi tani 30 na ushee. Boya likiwa pana kuliko hapo, ligawe vipande vya kufungwa kwa bolti. Habari za kuchomelea huko huko baharini mimi sizitaki. Mawimbi hayamngoji fundi.

Meli ya kuchota mchanga hufika imejaa, na baada ya saa chache imekwisha kuumwaga kwa bomba. Ikijaa, mkondo ndio unaoisukuma zaidi. Ikiwa tupu inainuka na upepo unapata ubavu mkubwa. Piga hesabu zote mbili. Upepo wa mita 20 kwa sekunde ukipiga mita za mraba 500 unasukuma kama tani 12, na kasi yake ikiongezeka maradufu, msukumo unakuwa mara nne. Ndiyo maana napenda boya moja, meli ifungwe omo (mbele) tu na ijigeuze yenyewe kufuata upepo na mkondo.

Kwenye mnyororo wa kufunga boya kwenye nanga usibanie. Nanga ya kujichimbia hushika ikivutwa kwa ulalo. Ukiinyanyua, inaanza kung'oka. Urefu wa chini unaupata hivi: kina mara mvuto mara mbili, gawa kwa uzito wa mita moja ya mnyororo ukiwa majini, jumlisha kina mara kina, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kina mita 10, mvuto tani 30, mnyororo wa unene wa milimita 50 (kilo 55 kwa mita nchi kavu, kama 48 majini): unapata mita 112. Minyororo huuzwa kwa vipande vya mita 27.5, basi chukua vitano. Kwa nanga nne hizo ni kama tani 30 za mnyororo peke yake. Kontena moja halitoshi, na bora ulijue mapema.

Mishtuko ya mawimbi iachie programu ya kompyuta, ila hesabu ya mkono itakuonyesha ikikudanganya.

Nanga zikishatua, zivutanishe mbili mbili zinazotazamana hadi zifikie mvuto uliousanifia. Huhitaji tagi (boti ya kuvuta) kubwa.

Kiungo cha bomba kinachozunguka kiweke juu ya maji. Mchanga hula viwiko vya bomba upande wa nje wa kona, kwa hiyo weka hapo bamba nene la kubadilishwa, lenye bolti ambazo mtu mwenye glavu zilizolowa anaweza kuzifungua.